Barua ya Wazi: Asilimia 3.9 Haiishi Mtaa Wowote Dodoma

Kwa: Viongozi wenye dhamana ya mipango, takwimu na bajeti, Mkoa na Jiji la Dodoma
Kutoka: Wachambuzi wa sera za uhamaji, Dodoma

YAH: KUPANGA MJI BILA KUWAHESABU WANAOUHAMIA

Waheshimiwa,

Salaam. Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mambo yaliyomo humu si mageni mezani kwenu. Yameshapita kwenye madokezo sabili, zile karatasi za ndani za ofisi, yamesemwa vikaoni pale kwenye "mengineyo" watu wakiwa wameshafunga makabrasha, na yamejibiwa kwamba yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Jalada likiingia masijala lisitoke, anayelitafuta huishia kuambiwa asubiri. Tumesubiri vya kutosha. Tunaandika hadharani kwa heshima ileile tuliyoanza nayo.

Ukitaja uhamaji katika ofisi nyingi, mawazo huenda moja kwa moja kwa wageni: vibali vya ukaazi vya daraja A, B na C, wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, mipaka. Hayo yana sheria zake na wenyewe wa kuyasimamia. Mtu aliyetoka Mpwapwa akapanga chumba Nkuhungu hapa jijini, au aliyetoka Manyoni akaja kubeba zege Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, hana dawati hata moja linalomhusu. Ndiye anayejaza darasa, zahanati na foleni ya maji. Kazi yetu ni kueleza ametoka wapi, amekuja lini, atakaa muda gani na ameacha nani alikotoka, mapema kiasi cha kubadilisha mpango. Yafuatayo ndiyo yanayoikwamisha.

1. Kiwango kimoja cha ukuaji kwa mkoa mzima

Tuanze na hili kwa sababu mengine mengi yanazaliwa hapa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika Mkoa wa Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 3,085,625. Gawanya, tafuta wastani wa mwaka, unapata asilimia 3.9. Kiwango hicho ndicho tunachokikuta kwenye makadirio ya jiji na ya wilaya bila kutofautisha.

Sasa tenganisheni. Eneo la Jiji lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012 na 765,179 mwaka 2022: asilimia 6.2 kwa mwaka. Wilaya zilizobaki kwa pamoja zilitoka 1,672,632 hadi 2,320,446: asilimia 3.3. Hiyo 3.9 ni wastani wa sehemu mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti, na haiishi mtaa wowote. Mjini inapunguza watu, vijijini inawaongeza.

Athari yake inahesabika. Chukueni watu wa jiji wa 2022 muwapeleke mwaka 2027. Kwa asilimia 3.9 mnapata karibu 930,000. Kwa 6.2 mnapata zaidi ya 1,040,000. Tofauti ni kama watu 113,000. Tuseme mmoja tu kati ya kumi wa hao ni wa umri wa shule ya msingi: ni wanafunzi 11,300, na kwa wanafunzi 45 kwa chumba ni madarasa 251 ambayo hayamo kwenye mpango wowote kwa sababu watoto wake hawamo kwenye hesabu.

Hatusemi 6.2 ni msahafu. Muongo ule ulikuwa na vipande viwili visivyofanana: kabla ya tangazo la Julai 2016 la Serikali kuhamia Dodoma, na baada yake. Ndiyo maana makadirio ya uhamaji hutolewa kwa njia tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na kila moja ikieleza imeshikilia dhana gani. Tukileta tatu tunaambiwa "leteni namba moja". Namba moja isiyo na dhana ni rahisi kuandika kwenye slaidi, lakini haimwambii mhandisi wa maji ajiandae kwa lipi.

Na kuna hesabu nyingine ambayo afisa mipango yeyote anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Jiji lingekua kwa kasi ya taifa ya asilimia 3.2, mwaka 2022 lingekuwa na watu wapatao 564,700. Ziada ni kama 200,500, yaani zaidi ya nusu ya ongezeko lote la 354,223. Hilo ni kadirio la kijuujuu la walioongezwa na uhamaji. Lina kasoro zake: linachukulia kwamba jiji linazaa na kuzika kama nchi nzima, na kwamba ukamilifu wa kuhesabu ulikuwa uleule mara zote mbili. Pamoja na kasoro hizo, linatosha kuonyesha kwamba mpango wa jiji hili usiokuwa na sura ya uhamaji umeacha nje nusu ya jambo lenyewe.

2. Tunaitwa ukomo ukishashuka

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Bunge linakaa kwa bajeti kuanzia Aprili. Halmashauri zinaandaa zao miezi kadhaa kabla, na ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha za kupangiwa, ukishatolewa kinachobaki ni kugawana. Uchambuzi wa uhamaji unaoombwa Februari, tena kwa siku mbili na kwa ukurasa mmoja, hauwezi kuongeza dawati wala kusogeza kisima. Unaweza tu kupamba utangulizi wa kitabu cha bajeti, na huko ndiko tunakoikuta kazi yetu.

3. Agosti

Sensa zetu zote tangu 1967 zimefanyika Agosti. Zipo sababu nzuri: barabara zinapitika, mavuno yameingia, watu hawako mashambani. Ila kwa Dodoma, usiku mmoja wa Agosti una sura yake, na mtumiaji wa takwimu anapaswa kuijua.

Agosti wanafunzi wengi wa vyuo wako likizo. Bunge la bajeti limeshakwisha na wapambe wake wameondoka. Vijana wa Bahi na Chamwino waliomaliza kuvuna wamesambaa kutafuta vibarua, wengine humu mjini, wengine Dar es Salaam na Morogoro. Wanaotoka kwenda kuhemea, yaani kutafuta chakula, hutoka miezi mingine kabisa, hasa Januari hadi Machi, mvua ikiwa imekaa vibaya na ghala likiwa tupu kabla ya mavuno mapya. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikiharibika, kaya haina msimu wa pili wa kujaribu bahati, kwa hiyo mtu mmoja au wawili wanatoka. Wanakaa wiki sita, wanarudi. Kwa kipimo cha miezi sita au mwaka hao hawakuhama. Kwa mwalimu wa kijijini anayeona darasa limepungua Februari, wamehama.

Kuna na kundi jipya ambalo vipimo vya zamani havilioni: mtumishi anayefanya kazi Mtumba na familia yake iko Dar. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, Ijumaa jioni anaondoka na Jumatatu yupo ofisini. Anatumia maji, barabara na hospitali za hapa siku tano kwa wiki. Watoto wake wanasoma kwingine. Akihesabiwa Jumapili usiku ni wa Dar, akihesabiwa Jumatano ni wa Dodoma. Majibu yote mawili ni sahihi, na kila moja linahitaji mpango wake.

4. Daftari la mtaa

Kila mtu anasema "taarifa ziko kwa mtendaji wa mtaa". Basi tulitazame hilo daftari. Mara nyingi ni kaunta buku lililopigwa mistari kwa rula: namba, jina, jinsia, umri, alikotoka, simu. Hakuna safu ya tarehe ya kuingia. Hakuna safu ya kuondoka. Kurasa za mwanzo zimeandikwa na mtendaji aliyekwisha hamishwa, kwa mpangilio wake. Za katikati zina wino wa mtu mwingine na safu moja imegeuzwa kuwa ya michango. Pembeni pamebandikwa karatasi zenye majina ambayo hayakuingizwa.

Anayeandikwa humo ni yule aliyehitaji kitu: barua ya utambulisho kwa ajili ya kitambulisho cha taifa (NIDA), benki, dhamana ya polisi au mkopo wa chuo. Mpangaji ambaye hajahitaji barua hayumo, na aliyeondoka miaka mitatu iliyopita bado yumo. Kwa hiyo daftari lina makosa mawili yanayokwenda pande mbili, na mtu asidhani yanafutana. Waliokosekana ni wageni na wapangaji vijana. Waliozidi ni wakazi wa zamani. Ukilitumia kama lilivyo, mtaa unaonekana wa wazee wenye nyumba.

Namba ya NIDA haiokoi hapa, maana mtu akihama hana kinachomsukuma kwenda kubadilisha makazi. Uandikishaji wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 uliwagusa wenye miaka 18 na kuendelea. Watoto, ambao ndio hoja ya madarasa, hawamo. Anwani za makazi zilizowekwa kwa operesheni ya 2022 ni hatua kubwa, tunaisifu bila kusita, lakini anwani inatambua mlango na haisemi nani analala ndani.

5. Nyumba moja, kaya nane

Nendeni Chang'ombe au Nkuhungu, ingieni uani kwenye nyumba ya wapangaji. Vyumba vinane vinatazamana, majiko manane mlangoni, ndoo zimepangwa kwenye bomba moja. Kwa tafsiri ya sensa, ambayo kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, hizo ni kaya nane. Kwa mita ya maji ni mteja mmoja. Anayekadiria watu kwa kuzidisha idadi ya mita kwa ukubwa wa wastani wa kaya, ambao kitaifa ni 4.3, anaandika watu wanne au watano mahali palipo na ishirini. Na anayezidisha vyumba kwa 4.3 anakosea upande wa pili, kwa kuwa chumba kimoja cha kupanga mara nyingi kina watu wawili au watatu. Hakuna njia ya mkato. Lazima kaya ziorodheshwe chumba kwa chumba.

Dalili za kosa hili zinajitokeza zenyewe kwenye taarifa za afya. Kata ikionyesha kwamba dozi ya tatu ya Penta, chanjo ya watoto wachanga, imewafikia zaidi ya asilimia 100 ya watoto, haina maana kwamba wauguzi wamevuka lengo. Mara nyingi idadi ya watoto iliyowekwa chini ya mstari, yaani ile ya kugawia, inayotokana na makadirio ya sensa, ni ndogo kuliko watoto waliopo. Inawezekana pia wametoka kata jirani kufuata kituo kizuri, ndiyo maana sharti mtu aulize kadi zao zinasema wanaishi wapi. Badala ya kuulizwa, asilimia hiyo hupigiwa makofi kikaoni. Chanjo zinaagizwa kwa idadi ileile ndogo, na robo ya mwaka ikifika katikati zinaisha.

6. Waliopisha miradi

Mji wa Serikali, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje: miradi yote hii imehitaji ardhi ya watu. Kanuni za fidia za 2001 zimeweka posho ya usafiri kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na posho ya malazi kwa hesabu ya kodi ya miezi 36. Ni kanuni nzuri kwa anayehama jirani. Ila fomu ya uthamini inaandika mtu alikokuwa na alichokuwa nacho, kisha inafungwa. Alikokwenda hapaulizwi. Matokeo yake hakuna anayeweza kusema, kwa ushahidi, kama mkulima wa pembezoni alisogea kata ya pili, alirudi Kongwa kwa ndugu, au alinunua kiwanja kisichopimwa ambacho mradi ujao utamkuta tena.

7. Wanaopita

Barabara yetu ni njia ya wasafiri wasio na nyaraka wanaoelekea kusini mwa Afrika. Juni 2012 miili ya zaidi ya wahamiaji 40 kutoka Ethiopia ilikutwa imetupwa mkoani humu baada ya watu hao kukosa hewa ndani ya lori. Taarifa zinazowahusu watu wa namna hii hubaki za kipolisi, idadi ya waliokamatwa basi. Hatuombi majalada ya upelelezi. Tunaomba jedwali la mwezi: umri, jinsia, hali ya afya walipokutwa, ili hospitali na ustawi wa jamii wajue wajiandae kwa nini.

Sasa majibu ambayo tunajua yanakuja.

Mtasema taarifa ni siri. Sheria ya Takwimu ya 2015 inamlinda mtu asitambulike, nasi tunaiheshimu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, vivyo hivyo. Hatujaomba jina, simu wala namba ya NIDA ya mtu. Tumeomba jedwali la kata na mkoa wa asili, na pale kisanduku chenye watu chini ya kumi kinapojitokeza, kiunganishwe na jirani yake. Huo ni utaratibu wa kawaida wa takwimu duniani.

Mtasema tusubiri sensa ya 2032. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa iliyopita atakuwa na miaka kumi.

Mtasema hakuna fungu. Hili tumelifanyia hesabu. Chagueni mitaa 40 kwa bahati nasibu, kwa uzito wa ukubwa wake. Kila mtaa orodhesheni kaya zote kwanza, kisha chukueni 25. Ni kaya 1,000. Wadadisi kumi, kila mmoja kaya nane kwa siku, wanamaliza usaili kwa siku 13, ukiondoa siku za kuorodhesha. Kama asilimia 30 ya kaya zitakuwa zimehamia ndani ya miaka mitano, jibu hilo litakuwa na mwanya wa takriban asilimia 4 juu au chini, hata tukichukulia kwamba majirani hufanana. Kwa mipango ya madarasa na maji hiyo inatosha. Gharama kubwa ni posho na vishikwambi, na vishikwambi mnavyo tangu sensa.

Na wapo watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba tukiwahesabu na kuwapangia tutawavutia zaidi. Afadhali wabaki vijijini. Nchi hii ilishajaribu. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwaondoa mjini walioonekana hawana kazi na kuwarudisha vijijini. Wengi walirejea mjini. Hakuna mtu anayetoka Bahi kwa sababu ameona jedwali letu. Isitoshe, wilaya zilizobaki zimekua kwa asilimia 3.3, juu kidogo ya taifa. Kwa ujumla wake vijiji vya mkoa huu havijawa mahame. Zipo wilaya na vijiji vinavyopoteza vijana, na ni vipi hasa hatuwezi kuwaambia hadi mtupe majedwali.

Kwa hiyo tunaomba, kwa maandishi na kwa tarehe:

(a) Makadirio ya watu yatenganishwe kati ya jiji na kila wilaya, na kila moja lije na njia tatu. Neno "wastani wa mkoa" lisitumike kwenye maombi ya madarasa, maji wala dawa.

(b) Uchambuzi wa uhamaji uwasilishwe kabla ya 30 Septemba kila mwaka, na ukomo unaposhuka uambatane na maelezo ya mstari mmoja: umetumika au haukutumika, na kwa nini.

(c) Usaili wa kaya 1,000 ufanyike mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, ili miezi ya kuhemea na miezi baada ya mavuno yote yaonekane. Maswali hayazidi kumi na mawili. Lazima yawemo: alizaliwa wilaya gani, aliishi wapi mwaka mmoja na miaka mitano iliyopita, aliingia mtaa huu mwezi gani, nani wa kaya hii yuko nje sasa na kwa muda gani.

(d) Daftari la mtaa lipewe mpangilio mmoja jiji zima, lenye tarehe ya kuingia, kata na wilaya alikotoka, mwenye nyumba au mpangaji, idadi ya watu na ya watoto wa chini ya miaka 14, tarehe ya kuondoka na alikokwenda. Kabila na dini visiandikwe. Sensa yenyewe haijaviuliza tangu ile ya 1967. Kuandikwa kuwe bure, na mtendaji asitumie daftari hilo kudai michango, la sivyo wapangaji watalikimbia.

(e) Uhamisho wa wanafunzi unaopita kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, utolewe kwa jumla, wilaya kwa wilaya na mwezi kwa mwezi. Ni kipimo cha uhamaji ambacho tayari kinakusanywa na hakihitaji shilingi ya ziada.

(f) Fomu ya uthamini iongezewe swali la anakokwenda, na waliolipwa fidia wafuatiliwe baada ya miezi 12.

Tunaomba jibu ndani ya siku 30. Likiwa ni hapana, liwe hapana lenye sababu, kwa kila herufi peke yake, tujue la kurekebisha ni lipi. Tuko tayari kuja na majedwali, kompyuta na hesabu zote za barua hii, na tutakaa na maafisa mipango wenu mpaka wazirudie wenyewe na kuzikosoa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wachambuzi wa sera za uhamaji
Dodoma

Nakala: Madiwani wa kata zote za Jiji la Dodoma
Watendaji wa kata na mitaa